Nilimfanya mwoga wa kitabuni kuwa shujaa, sasa Baba Mkubwa hataki kanisa

Mshauri mpendwa, shikamoo, na kama huwa huitikii salamu za vijana wenye mdomo basi itikia hii moja tu, maana nahitaji msaada kabla ya Jumapili, na hapa nilipo kila ninayemtazama usoni ndiye niliyemdanganya.

Kwanza nijue, usije ukadhani unaandikiwa na mtu wa hivihivi. Mimi ndiye msomaji wa karakana ya viatu. Shule niliiacha njiani, au tuseme ilinichoka, lakini kusoma kwa sauti hakuna wa kunigusa, hata hao waliofika chuo wakipewa ukurasa mbele ya watu utadhani wanatafuna mchanga. Kwetu tunashona viatu kwa mkono, uzi umepakwa nta na ngozi inatobolewa kwa msharasi, hakuna mashine ya kupiga kelele, ni watu wameinama kutwa nzima, na Baba Mkubwa, yaani kaka yake marehemu baba yangu na ndiye mwenye karakana, aligundua kwamba fundi akiinama hivyo bila neno la kusikiliza anaanza kusinzia, na mshono wa mtu aliyesinzia mteja anauona akiwa bado mlangoni. Kwa hiyo kila siku tukishakula mchana mimi napanda kwenye kiti kirefu cha dirishani nasoma, wenzangu wanashona. Nasoma magazeti, nasoma karatasi za maelezo ya dawa kama hakuna kingine, na ukurasa wako huu naufanyia sauti mbili, ya anayelia na ya kwako ya ukali. Kushona kwenyewe sikuwezi, nimejitoboa vidole mpaka Kipara, fundi wetu wa visigino, akasema, "Mdogo wangu, Mungu alikupa koo, hiyo mikono alikuazima tu." Wananiita Redio.

Jambo la pili, Jumapili hii nabatizwa. Darasa la ubatizo nimelimaliza nikiwa kinara, mwalimu wa ubatizo hajafunga mdomo mimi nimeshajibu. Petro alimkana Bwana mara ngapi? Tatu. Wapi? Uani kwa kuhani mkuu. Nani alimuuliza kwanza? Kijakazi. Nilikuwa najibu kama mtu anayehesabu viatu rafuni, naye mwalimu anatikisa kichwa kwa furaha, wenzangu wananiangalia kwa kijicho. Msimamizi wangu, yule anayesimama nyuma yako siku ile akakuwekea mkono begani, alikuwa Baba Mkubwa. Nilipomuomba aligeuza kiatu alichoshika, akasema, "Mimi? Haya, mwanangu, tutaona," na kwake hiyo ni ndiyo kubwa, maana yule mzee kanisani haendi mbele kamwe, kiti chake ni benchi la mwisho karibu na mlango, na wakati wa meza ya Bwana yeye hubaki amekaa anaangalia viatu vya watu. Sisi tulidhani ni kazi imemwingia kichwani.

Sasa ndiyo kikaja kitabu. Viatu vilivyokwisha tunavijaza makaratasi puani visije vikajikunja, na makaratasi hayo tunayanunua kwa furushi kutoka kwa watu wa taka, na ndani ya furushi moja nikakuta riwaya, haina jalada wala jina la mwandishi. Ni hadithi ya zamani sana, enzi za Warumi, mfalme ametoa amri kila mtu aende uwanjani atupe chembe za ubani motoni mbele ya sanamu yake, na anayekataa anajulikana ni mfuasi wa Kristo na anapelekwa kuuawa. Na mwenye hadithi, mshauri, ni kijana mshona makubazi. Mwenzetu kabisa. Ana mdomo, ana mzaha, na kwenye chumba wanamokutana ndugu wa imani kwa siri yeye ndiye anayeimba kwa sauti kuliko wote mpaka wanamziba kinywa. Kipara akasema, "Huyo ni Redio, ametangulia tu kuzaliwa." Tukacheka wote, mimi nikawazidi.

Nikwambie ukweli, kitabu kile kilinifanya kitu ambacho darasa halikunifanya. Mimi watu wa imani wa zamani nilikuwa nawaona kama picha ya ukutani, wamesimama, wana mwanga, hawapigi chafya. Kumbe sakafu ilikuwa na unyevu. Kumbe mtu alikuwa anafunika mkate kwa nguo ya mtoto akipita sokoni, na jirani aliyemwazima chumvi jana leo amekaa mlangoni anatazama nani anaingia kwa nani. Dada wa Gundi, yule anayebandika soli, alisimamisha brashi hewani akasema polepole, "Nilijua walikuwa na imani. Sikujua walikuwa na majirani." Siku hiyo hakuna aliyejibu kwa mzaha, hata mimi.

Na mimi huwa sisomi mbele, nafungua palepale tulipoishia ili nisikie pamoja nao. Basi tukafika uwanjani. Kijana amepangwa foleni, mbele yake bibi mmoja mzee amekataa ubani na amewekwa pembeni, na ofisa wala si mkali, amechoka, anajifuta jasho, anamwambia kijana, "Fanya haraka, wenzako wanangoja." Jicho la msomaji linatangulia mdomo, ndiyo kazi ilivyo, na jicho langu likaona mstari wa chini kabla sijaufikia. Kijana anachukua ubani. Anautupa motoni. Anaulizwa kama anamfahamu yule bibi, anasema hamfahamu.

 Nilijiona ni mimi. Si kwa kulinganisha, nilijiona kabisa, mikono yangu hii, na nikajua bila mtu kuniambia kwamba ningeulizwa ningeutupa na mzaha juu, ili ofisa acheke aniache niende. Na misharasi yote imesimama, wananingoja. Mdomo wangu ukafunguka ukasoma kitu ambacho hakikuandikwa. Kijana akakataa. Nikampa na hotuba, hotuba gani, mwandishi mwenyewe angeniajiri, akamtazama ofisa machoni, akafa anatabasamu, na nikafunga kitabu nikasema hadithi imeishia hapo. Kipara analia kichwa kizima kinang'aa, Dada wa Gundi anapenga kamasi kwenye aproni.

Baba Mkubwa akaweka kiatu chini. Akasema, mbele ya wote, kama mtu anayeagiza uzi, "Mimi niliulizwa hivyohivyo."

Akaeleza. Siku za vita, akiwa rika langu, watu wenye bunduki waliwasimamisha njiani yeye na rafiki yake aliyekuwa akiimba naye kwaya, wakauliza nani ni wa lile kanisa. Rafiki akasema, "Ni mimi." Baba Mkubwa alikuwa na msalaba mdogo shingoni, akaukata uzi, akaukanyagia mchangani kwa kisigino, akasema yeye ni mpita njia na huyu hamfahamu. Rafiki akapakiwa garini. Hakurudi. "Nilikuwa nasikiliza kitabu hiki," akasema, "nikijiambia labda aliyekiandika anajua lolote kuhusu watu kama mimi. Basi naye ana mashujaa tu. Kitoto kama hicho kilisimama, mimi nilikimbia. Redio, tafuta msimamizi mwingine."

Mimi, kwa upumbavu wangu, nikasema, "Baba Mkubwa, unaogopa kulowa?" Hakuna aliyecheka. Kipara akajaribu, "Mzee, hayo ni ya zamani." Mzee akasema, "Ya zamani kwako. Jumapili mimi nitakuwa hapa nashona. Na Jumapili nyingine vilevile. Sina changu kule." Akaokota kiatu akaendelea.

Hapo ndipo ningesema. Neno lilikuwa hapa, kwenye ulimi. Baba Mkubwa, yule kijana aliutupa ubani. Nikalimeza, maana nikisema alitupa nitaulizwa kwa nini nilisoma vingine, na nikieleza kwa nini, watu wote wataniona nilivyo.

Kesho yake nilijificha stoo kwenye ngozi nikasoma kurasa zilizobaki. Kijana hakufa. Alikimbia, akawa hawezi hata kushika sindano, halafu akarudi kwa ndugu. Na ndugu wakagombana juu yake na wenzake walioanguka, yaani waliotupa ubani kama yeye, wengine wanasema mlango umefungwa milele, wengine wanasema waingie tu kama hakuna lililotokea, na kiongozi wao naye zile siku alikuwa amejificha kwa hiyo hana pa kusimamia. Walioanguka wakaambiwa wasimame nje ya mlango kwa muda mrefu wasikilize nyimbo kutoka nje. Na mlinzi wa mlango ni mtoto wa yule bibi aliyekataa akauawa, anamchukia kijana kama sumu, hamsalimii. Mpaka siku moja ya mvua yule mlinzi, bila kusema neno, akasogea pembeni ili kijana asimame chini ya paa. Baadaye sana ndipo akaingizwa ndani. Nililia peke yangu kwenye ngozi, na kwa mtu wa sifa zangu hilo ni jambo.

Ungedhani nilitoka nikasema. Nilipotoka Dada wa Gundi akaniambia, "Niazime kitabu nikamsomee mama yangu pale kijana anapokufa."  Nikamwambia ngoja nikifute vumbi, nikarudi stoo, nikazichana kurasa zote kuanzia kwenye ubani mpaka kwenye mvua na mlango, na kwa hofu nikazijaza kwenye pua za viatu vilivyokuwa tayari kuchukuliwa. Mwenye viatu akaja palepale, mgeni, akalipa akaondoka. Ukweli wote wa kitabu kile sasa uko kwenye vidole vya mtu nisiyemjua. Dada nikamwambia panya wameula mwisho.

Tangu hapo sina raha. Mtu akiniita kwa nyuma nasikia yule ofisa aliyechoka. Mama ananyoosha shati langu jeupe la Jumapili, ananiuliza mbona huli, nami nasema meno. Kwenye mazoezi ya ubatizo mwalimu aliniuliza, "Unamwamini?" na mimi, Redio, nikakosa sauti, yeye akadhani ni mafua. Nikamuuliza kimtego kuhusu riwaya, akasema riwaya ni uongo uliopigwa chapa na Mkristo ana Biblia, inamtosha. Hapo ndipo nimechanganyikiwa zaidi. Kama kitabu chenyewe ni uongo, basi mimi nimedanganya juu ya uongo, na hiyo ni dhambi gani? Lakini kama ni uongo mtupu, mbona mzee amelazwa chini na yale niliyosoma kama aliyepigwa rungu?

Nifanyeje? Nikisema, Baba Mkubwa atanifukuza, na kazi nyingine siijui, na Kipara atanicheka mpaka anizike. Nisiposema, nitasimama mbele ya kanisa niape kwa mdomo uleule uliosoma hotuba ile. Au nikimbilie kwa shangazi mpaka Jumapili ipite? Nijibu upesi, na jina langu ulifiche, tafadhali sana.

Ni mimi, msomaji wa karakana


MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeitanguliza mbele ya nyingine kwa sababu ya hiyo Jumapili, kwa hiyo usianze kuvimba kichwa kwamba ni kwa utamu wake.

Umetumia karatasi nzima kulisifu koo lako, halafu ulipofika penye jambo mwandiko ukaanza kutetemeka. Nimeona. Sikucheki kwa hofu yako. Ninakukemea kwa ulichokifanya nayo.

Tuanze na mwalimu wako, ambaye ni mtu mwema na hapa amekosea. Yule kijana mshona makubazi ni wa kubuni, ndiyo, mwandishi alimtoa kichwani. Zama zile hakuzibuni. Wafalme walioamuru watu watupe ubani walikuwepo, waliokataa walikuwepo, na waliotupa walikuwa wengi, na kanisa lilitoka jasho kwelikweli likibishana kama mlango wao upo au haupo. Mwandishi amechukua jambo hilo kavu, ambalo ungelipita katika historia kwa mstari mmoja, akalitia sakafu yenye unyevu na jirani wa kuogopwa. Riwaya haishiki nafasi ya Injili, na ukipanda kwenye kiti chako kuihubiri kama Injili nitakuja mwenyewe kukushusha. Ila inaweza kukurudisha kwenye Injili ukiwa na macho. Wewe ulijua Petro alikana mara ngapi. Je, ulishawahi kujiuliza uani kwa kuhani mkuu alikuwa anafanya nini? Alikuwa anaota moto. Alikuwa na baridi, amezungukwa na watu asiowajua, na binti mmoja anamkazia macho. Kasome tena, polepole, kwa kichwa ulichotoka nacho kwenye kile kitabu. Halafu usiishie hapo, endelea mpaka ufukweni, kwenye moto mwingine na samaki juu yake, pale mtu yuleyule anapoulizwa mara tatu kama anampenda Bwana. Najua hilo nalo ulilijibu darasani kwa kasi.

Sasa swali lako la dhambi gani. Mwandishi alibuni mwoga, akatuambia ukweli kuhusu watu. Wewe ulibuni shujaa ili usionekane, ukamdanganya mzee aliyekuwa anakusikiliza kwa ajili ya uhai wake. Baba Mkubwa alikaa pale siku zote hizo, ameinamia ngozi, anangoja kusikia kama mtu wa namna yake anatajwa popote katika hadithi ya Mungu na watu. Alikuwa anatajwa. Ukurasa unaofuata ulikuwa wake. Wewe ukampokonya ukampa hotuba. Halafu ukaukunja ukautia kwenye kiatu. Hapo, mwanangu, sina maneno laini.

Unaniuliza chinichini, ingawa hukuliandika, kama kweli ungemkana Bwana. Sijui. Wewe pia hujui, na anayekuambia anajua yake mwenyewe mwogope. Jumapili hakuna atakayekutaka uape kwamba hutaogopa milele. Ubatizo si nishani ya mashujaa, ungekuwa hivyo makanisa yangebaki na mabenchi na popo. Kuogopa kwako si kizuizi. Lile ulilolimeza ndilo kizuizi, na hilo linatapikika leo.

Kwa shangazi huendi. Shangazi ana shida zake.

Anza na Baba Mkubwa, peke yake, na mzaha wako uuache nje. Usianze na machozi wala na "unajua, Baba Mkubwa, mimi ni mtoto wako." Anza na habari yenyewe: kijana aliutupa ubani, nami nilisoma vingine kwa sababu nilijiona mimi. Halafu msimulie yote uliyosoma stoo. Kurasa zimekwenda, wewe umebaki, utasimulia kwa kichwa. Na usithubutu kuyatia sukari mara ya pili. Mwambie na yale magumu, kwamba alisimama nje muda mrefu, kwamba kuna aliyekuwa na haki ya kumchukia, kwamba walioanguka hawakuambiwa ilikuwa kitu kidogo. Mzee wako hatoamini mlango uliofunguka bure. Ataamini mlango wenye mvua. Ukimaliza nyamaza. Najua kunyamaza kwako ni kama kufunga, basi funga. Usimdai aje kanisani. Mwambie tu kwamba akitaka kwenda kwa mchungaji kusema ya kwake utamsindikiza mpaka mlangoni na utangoja nje. Yule rafiki ana watu wake mahali fulani, pengine, na hayo ni ya mzee na mchungaji, wewe usiyaguse.

Pili, karakana. Panda kiti chako uwaambie. Kipara atakucheka, atakucheka mpaka visigino vipinde, nawe utachekwa na hutakufa. Dada wa Gundi umwombe radhi kwa jina lake, na umpe hadithi ya kweli ampelekee mama yake. Nadhani mama yule ataipenda kuliko ile ya tabasamu.

Tatu, mwalimu wako. Mwambie unaogopa na umwambie kwa nini, mkae mwamue pamoja kama ni Jumapili hii au nyingine. Maji hayaharibiki kwa kungoja, na shati likikunjamana mama yako anajua kulinyoosha. Mimi ningekubatiza hii, lakini mimi si mchungaji.

Kuhusu kazi, ukifukuzwa, jifunze kushona. Vidole vinapona.

Na jina lako. Nimelificha kama ulivyotaka, lakini wewe umeniandikia kiti kirefu, dirisha, nta, kipara cha mwenzako na gundi ya dada yako, nani atakayesoma asikujue? Gazeti hili linaingia hapo kwenu, na ukurasa huu umeniambia mwenyewe huwa unasomwa. Kwa hiyo una muda mfupi tu, mpaka mtu mwingine alifungue. Usiwaache wayajue kwangu.

La mwisho si lako. Baba Mkubwa, kama limekufikia kabla msomaji wako hajapata moyo, nisamehe kwa kuingia kwenye karakana yako bila hodi. Hadithi haikuishia pale ulipoambiwa. Kijana wa kitabuni alikimbia kama wewe, akasema hamfahamu kama ulivyosema, na aliyeiandika hakumwacha huko. Aliyekunyima kuyasikia ni mtoto wa ndugu yako, ameshikwa na hofu ileile iliyokushika wewe njiani siku ile, na hivi sasa yuko hapo karibu anajifanya anatafuta kitu. Mwite. Mkalishe chini asimulie mpaka mwisho, halafu ndipo umfukuze, kama bado utataka.